Kuandaliwa simu kwa safari ya ng'ambo, Luthuli Avenue: tathmini ya mteja

Katika jengo moja la Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, kati ya muuza vioo vya simu na muuza chaja za jumla, lipo duka dogo ambalo mbali na kutengeneza simu huuza huduma ambayo sijaiona ikitangazwa kwingine jijini Nairobi: kuiandaa simu ya msafiri ili data isimgomee akishavuka mpaka. Mteja hulipa shilingi 500 kwa M-Pesa, huacha simu mezani kwa muda usiozidi saa moja, kisha huondoka na simu iliyokaguliwa pamoja na karatasi iliyochapwa pande mbili inayoeleza la kufanya intaneti ikikosekana ugenini. Nimeitumia huduma hiyo kwa safari za Kampala, Istanbul na Dubai, na hukumu yangu ni kwamba inastahili pesa zake kwa yote yanayohusu simu yenyewe, ila ina mapengo makubwa kwa yanayohusu laini, na mteja asiyeijua tofauti hiyo anaweza kurudi akimlaumu fundi kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake, au kumsamehe kwa jambo lililokuwa mikononi mwake kabisa.

Simu yenye laini ya Kenya inapowashwa katika nchi nyingine, mtandao wa huko husoma namba ya utambulisho iliyomo ndani ya laini, ambayo kwa mitandao yote ya Kenya huanza na 639, na papo hapo hujua kuwa amefika mgeni na ametoka wapi. Kabla ya kumhudumia, mtandao huo huuliza ule wa nyumbani kama mteja anatambulika na ameruhusiwa kutumia nini, na jibu linaporudi ndipo simu husajiliwa. Ruhusa ya kupiga na kupokea simu ni moja, ya data ni nyingine. Ndiyo maana msafiri anaweza kuongea vizuri na mama yake aliyeko Kiambu huku WhatsApp ikizunguka bila kutuma hata salamu. Mpango huu wa laini ya nyumbani kutumia minara ya watu, ambao wengi wetu tunauita romingi, una viungo vingi vinavyoweza kukatika, na sifa kuu ya duka hili ni kwamba fundi wake anafahamu ni kiungo kipi kinaweza kukaguliwa mezani Nairobi na ni kipi hakijulikani mpaka mtu awe amefika.

Yeye huanza kwa swali: "Mama, unaenda wapi, na ndege inapitia wapi?" Sehemu ya pili ya swali hilo si porojo ya kumchangamsha mteja. Msafiri akikaa saa kadhaa Addis Ababa au Doha, simu yake hujisajili huko kwanza, na bando alilonunua kwa ajili ya nchi anayokwenda huenda lisihesabike katika nchi anayopitia, hivyo data ikiachwa imewashwa salio huliwa kwa bei ya kawaida ya romingi kabla mwenyewe hajamaliza kutafuta mlango wa ndege yake ya pili. Baada ya hapo hubonyeza *#06#, hulinganisha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, inayotokea na ile iliyo kwenye mipangilio ya simu, kisha huandika daftarini namba kamili ya modeli, kwa sababu simu yenye jina moja dukani hutengenezwa kwa matoleo tofauti ya Marekani, Ulaya na Asia.

Ukaguzi unaofuata ni wa kufuli. Chini ya meza ana kopo la kahawa lililojaa laini za mitandao mbalimbali, zikiwemo za Uganda, Tanzania na Afrika Kusini zilizoachwa na wateja waliotangulia, naye huchagua moja, huichomeka na kusubiri. Simu ikiomba namba ya kufungulia, maana yake iliuzwa ikiwa imefungwa kwa kampuni moja ya nje, nayo haitakubali laini ya kununua uwanja wa ndege wala eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, hata mwenyewe akibembeleza vipi. Wateja wengi wa Nairobi hushangaa hapa, kwa kuwa simu hizo zilizotumika Marekani au Uingereza zikaletwa mjini humu zimekuwa zikifanya kazi mikononi mwao bila shida. Niliona mwenyewe siri yake siku moja nikisubiri zamu yangu: fundi alichomoa kitrei cha laini cha simu ya kijana mmoja, akakiinamishia taa, na chini ya laini akabandua kiplastiki chembamba mfano wa ganda la kitunguu, chenye saketi yake ndogo. Kazi ya kiplastiki hicho ni kuidanganya simu iamini kwamba laini iliyomo ni ya ile kampuni iliyoifunga. Simu ya aina hiyo hutulia alimradi hakuna anayeigusa. Msafiri akibadilisha laini, au programu ya simu ikijisasisha, udanganyifu huvunjika. Kijana aliambiwa bila kuzungushwa kwamba simu hiyo isitegemewe safarini, akarudishiwa pesa zake. Duka linalorudisha pesa Luthuli linastahili kutajwa kwa hilo pekee.

Suala la masafa ndilo lililonifanya niiheshimu huduma hii zaidi. Mawimbi ya 4G hayafanani duniani kote. Hapa kwetu simu hutegemea zaidi masafa ya megahezi 800 na 1800, yanayojulikana kama bendi 20 na bendi 3, na simu iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika na Asia inaweza kuwa na bendi hizo na kukosa nyingi kati ya zile zinazotumika Marekani, kama vile 2, 4, 12, 13, 66 na 71. Zamani tofauti hiyo haikumdhuru sana msafiri, kwa sababu 4G ikikosekana simu ilishuka hadi 3G na maisha yakaendelea. Ngazi hiyo ya chini sasa imeondolewa katika nchi nyingi. AT&T ya Marekani ilizima 3G Februari 2022, na kampuni nyingine kubwa za huko zikafuata mwaka huo huo; Ujerumani ilikuwa imezima yake mwaka 2021. Mtu akifika nchi hizo na simu isiyo na bendi za huko, au simu ambayo mwenyewe aliipanga kitambo ikae kwenye 3G peke yake ili isimalize chaji, hukaa akihangaika na mipangilio ya data ilhali hakuna mnara hata mmoja unaozungumza na simu yake kwa lugha hiyo. Fundi huliangalia hilo kwa kulinganisha namba ya modeli na orodha ya bendi, kisha huirudisha simu kwenye uchaguzi wa kiotomatiki unaoanzia 4G au 5G. Ni kazi ya dakika chache ambayo karibu hakuna msafiri anayeikumbuka.

Karatasi anayopewa mteja imeandikwa kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotarajia mahali pale, na thamani yake iko kwenye mpangilio wa maswali. Watu wengi data ikigoma hukimbilia kufungua na kufunga WhatsApp, wakati WhatsApp ndiyo ya mwisho kabisa katika msururu huu. Karatasi inamtaka msafiri atazame kwanza juu ya skrini: je, kuna mistari ya mtandao, na jina la mtandao ni la nchi aliyomo? Kama hakuna, tatizo ni la usajili, na kugusa data ni kupoteza wakati. Aiweke simu katika hali ya ndegeni kwa nusu dakika hivi, kisha aitoe, jambo linaloilazimisha simu ijitambulishe upya kwa minara. Ule ushauri wa kila mtu jijini wa zima uwashe unafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wanaoutoa kwa kujiamini hivyo mara nyingi hawaijui sababu. Ikiwa bado hakuna kitu, azime uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, asubiri orodha ya mitandao iliyopo itokee, na achague mmoja baada ya mwingine.

Hatua hiyo ya kuchagua kwa mkono ina maelezo ambayo karatasi imeyaweka kwa sentensi moja tu, nayo inastahili zaidi. Laini huhifadhi orodha ya mitandao iliyoikataa, na simu ikishaandikiwa kwamba mtandao fulani umekataa, hairudi tena kubisha hodi huko yenyewe, hata kama romingi ilikuwa imefungwa asubuhi na ikafunguliwa na kampuni ya nyumbani mchana. Msafiri huambiwa na huduma kwa wateja kwamba kila kitu kiko sawa upande wao, na ni kweli kiko sawa, ila simu yake inashikilia kukataliwa kwa asubuhi. Kuchagua mtandao huo kwa mkono ndiko kunakoilazimisha ijaribu tena. Nilipofika Kampala nilikuta hali ya namna hiyo, na kati ya yote yaliyomo kwenye karatasi hilo ndilo lililonilipia shilingi zangu 500.

Mistari ikiwepo na jina la mtandao likiwepo, swali huhamia kwenye data, na hapa fundi huwa ameshaandaa mambo mawili kabla simu haijatoka dukani. La kwanza ni kuhakikisha mahali pa kuwashia romingi ya data panajulikana kwa mwenye simu, kwa kuwa karibu simu zote hutoka kiwandani zikiwa zimekizima kitufe hicho ili kumkinga mtu na gharama. La pili ni jina la lango la intaneti, APN. Kwa laini za Safaricom jina hilo ni safaricom, jina la mtumiaji ni saf na nenosiri ni data, na fundi huyaandika yote kwa mkono nyuma ya karatasi kulingana na laini ya mteja. Tena husisitiza kwa kalamu nyekundu kwamba msafiri asilibadilishe lango hilo akifika ugenini.

Msisitizo huo una msingi. Katika romingi ya kawaida, data ya msafiri haiingii kwenye intaneti pale alipo. Hubebwa kwanza na mtandao wa ugenini hadi kwenye mitambo ya kampuni yake Kenya, na huko ndiko inakotokea kwenda kwenye tovuti anayoitaka. Kwa hiyo lango linalohitajika ni la nyumbani, na anayeandika APN ya kampuni ya Uganda au ya Uturuki kwenye laini ya Kenya, kama wanavyoshauri wahudumu wengine wa hoteli kwa nia njema, huwa anaipeleka simu kwenye mlango ambao hauna jina lake. Mzunguko huo ndio unaofanya tovuti ziamini kwamba mtu aliyeko Dubai yuko Nairobi, unaofanya kurasa zichelewe kidogo kadiri nchi ilivyo mbali, na unaofanya mgeni aliyeko China kwa laini ya nyumbani afungue huduma ambazo kwa Wi-Fi ya hoteli zimezibwa. Katika simu za Android kuna pia sehemu ya itifaki ya APN wakati wa romingi. Ikiwa imewekwa IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti, peke yake na mtandao wa ugenini hauiungi mkono, simu huonyesha alama ya 4G bila kupitisha chochote, na kuiweka IPv4, ile ya zamani, huondoa tatizo. Sijaona duka lingine linaloigusa sehemu hiyo.

Kwa safari za karibu huduma hii inatosha kabisa. Wanaopita Busia, Malaba au Namanga kwa basi wanajua jinsi simu inavyong'ang'ania mnara wa Kenya kwa kilomita kadhaa baada ya mpaka, au inavyonasa mnara wa jirani kabla mtu hajagonga muhuri wa kutoka. Hapo data hukatika na kurudi, wala si ubovu. Ukishaingia ndani ya nchi husika mambo hutulia. Wako pia wanaoamini kwamba makubaliano ya eneo moja la mtandao, yaliyoanza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, yameifanya data iwe kama ya nyumbani. Makubaliano hayo yalilenga gharama za kupiga na kupokea simu; data ina bei na mabando yake, na msafiri asiyeuliza hujua siku salio likiisha. Karatasi inalitaja hili, pamoja na jambo ambalo lingemwepushia mtu saa nzima ya kubonyeza vitufe: Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na ikaendelea kuwa imefungwa kwa miaka iliyofuata. Kwa anayetumia laini au Wi-Fi ya huko, programu moja ikikataa huku kivinjari kinafungua magazeti ya Nairobi bila shida, simu haina kosa.

Malalamiko yangu yako Istanbul. Kwa safari hiyo nilinunua eSIM ya wasafiri kutoka kampuni moja ya mtandaoni, nikaomba duka liisakinishe. Waliisakinisha vizuri wakiwa kwenye Wi-Fi yao, jambo lililo sahihi, kwa sababu eSIM huhitaji intaneti ili ishuke kwenye simu, na Wi-Fi nyingi za viwanja vya ndege hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kabla ya kumruhusu mtu aingie. Kwa Uturuki tahadhari hiyo ina uzito wa ziada: Julai 2025 mamlaka za huko zilizuia tovuti na programu za kampuni kadhaa zinazouza eSIM za wasafiri, kwa hiyo anayesubiri kununua akishatua anaweza kukuta hata ukurasa wa malipo haufunguki. Kosa la duka lilikuja mwishoni. Kijana wa zamu, ambaye si yule fundi mkuu, alizima romingi ya data kwenye laini zote mbili na kuniambia, "Sasa uko salama mama, hakuna atakayekukata pesa." Nilipotua, eSIM ilionyesha jina la mtandao wa Kituruki na mistari kamili, na data haikupita hata kidogo.

Sababu yake ni rahisi kwa anayejua eSIM hizo zinavyoundwa. Nyingi kati yake si laini za nchi mtu anayokwenda. Husajiliwa na kampuni ya nchi ya tatu, na kila mahali zinakotumika zinakuwa ugenini. Kwa hiyo hazifanyi kazi mpaka romingi ya data iwashwe kwenye eSIM yenyewe, na kuwashwa huko hakuongezi gharama, kwa sababu bando limeshalipiwa na likiisha data hukatika. Hatari ya kukatwa pesa iko kwenye laini ya Kenya, na hiyo ndiyo inayopaswa kuzimiwa romingi ya data huku ikiachwa hewani kwa ajili ya kupokea SMS za benki na namba za siri za mara moja. Kuzizima zote mbili kwa pamoja ni kumtibu mgonjwa na mzima kwa dawa moja. Msaada wa kampuni iliyouza eSIM ulikuwa kwa njia ya mazungumzo ya maandishi, yaani kwa intaneti, na walipopatikana kwa Wi-Fi ya hoteli waliomba picha za skrini moja baada ya nyingine kabla ya kuuliza swali hilo moja ambalo lilipaswa kutangulia. Duka nililirudia na kulieleza. Fundi mkuu alisikiliza, akakubali, na karatasi ya sasa ina mstari mpya unaosema romingi iwashwe kwenye eSIM na izimwe kwenye laini ya nyumbani. Kwa haki yao niliseme hilo.

Jambo jingine ambalo bado halijarekebishwa ni mazoea yao ya kumwekea kila mteja programu ya bure ya VPN, inayopitisha intaneti ya simu kwenye seva ya mbali, bila kumuuliza. Naielewa nia, hasa kwa wanaokwenda Falme za Kiarabu, ambako simu za sauti na video za WhatsApp huzuiwa kwenye mitandao ya huko huku ujumbe wa maandishi ukipita. Hata hivyo matumizi ya VPN yana sheria zake katika kila nchi, na kule Dubai kuitumia kutenda kosa kuna adhabu kali, kwa hiyo uamuzi huo ni wa msafiri mwenyewe. Kiufundi pia ni chanzo cha matatizo: VPN iliyowekwa ijiwashe yenyewe ikishindwa kufikia seva yake huizuia intaneti yote, na simu hubaki ikionyesha imeunganishwa bila kitu kupita. DNS ya faragha (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) iliyoandikwa kwa mkono huweza kuleta dalili hizo hizo, na saa ya simu ikiwa nyuma au mbele kwa siku nyingi, tovuti salama zinaweza kukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza au vimeisha. Hayo matatu hayamo kwenye karatasi, na mimi ningeyaweka kabla ya maelezo ya kuwasha simu upya.

Upande wa laini ndio mwembamba zaidi. Duka haliulizi kama romingi imefunguliwa na kampuni ya simu, kama mteja ni wa malipo ya kabla au ya baada, wala kama bando alilonunua linakubalika kwa mitandao yote ya nchi husika au kwa mshirika mmoja tu. Swali hili la mwisho hugharimu watu pesa nyingi. Bando la romingi mara nyingi hufungamanishwa na mitandao iliyotajwa, na simu inayojichagulia mnara wenye nguvu zaidi inaweza kutua kwa mtandao usiotajwa, bando likakaa bila kuguswa huku salio likiyeyuka, au data ikakataa kabisa. Dawa yake ni ileile ya kuchagua mtandao kwa mkono, ila inahitaji mtu ajue jina la mshirika kabla ya kusafiri. Tena namba fupi za huduma kwa wateja tulizozoea nyumbani kwa kawaida hazipiti mtu akiwa nje. Inatakiwa namba ndefu inayoanza na +254, iliyoandikwa mahali pasipohitaji intaneti kusomwa. Niliwashauri waichape kwenye karatasi, wakasema nafasi imeisha. Picha ya tai na ndege inayojaza robo ya ukurasa wa kwanza ingeweza kupisha.

Duka linaahidi pia msaada kwa WhatsApp wakati wa safari, ahadi ambayo msafiri asiye na data ataipima mwenyewe. Kwa Wi-Fi ya hoteli fundi hujibu upesi na kwa adabu, na nimependa kwamba hakimbilii kumwambia mtu arudishe mipangilio yote ya mtandao mwanzo. Hatua hiyo husahaulisha simu nywila zote za Wi-Fi, na katika baadhi ya simu za Android skrini yake ina kisanduku cha kufuta eSIM, ambacho kikiachwa na alama ya kukubali huiondoa laini iliyolipiwa. Misimbo mingi ya QR ya eSIM hutumika mara moja tu, hivyo aliyeifuta akiwa Istanbul hubaki akiomba mpya kutoka kampuni ile ile iliyochelewa kumjibu.

Je, ni nani wa kwenda? Anayekwenda Kampala au Arusha kwa siku mbili akiwa na simu iliyonunuliwa mpya Nairobi hana haja ya kupanda ngazi hizo. Bando la romingi na kuchagua mtandao kwa mkono vitamtosha. Anayekwenda masomoni kwa muda mrefu atapata nafuu zaidi kwa kununua laini ya huko kwa pasipoti yake, na kwa Uturuki ajue kwamba simu iliyoingia kutoka nje ikitumia laini ya Kituruki huzuiwa baada ya siku 120 isipoandikishwa IMEI yake na kulipiwa. Wanaostahili kuilipia huduma hii ni wenye simu zilizotumika nje, wanaokwenda Marekani na Asia ya Mashariki, na wanaotaka eSIM kando ya laini yao ya Kenya, mradi wasimame hapo mezani na kuhakikisha kwa macho yao kipi kimewashwa kwenye laini ipi.

Duka halifunguliwi Jumapili, na mwisho wa mwezi foleni hushuka hadi kwenye ngazi. Kuna wanaokuja na mizigo yao wakielekea uwanja wa ndege wa JKIA, nao huhudumiwa, lakini mimi singeenda siku hiyo: simu ikigundulika imefungwa, ombi la kuifungua hupelekwa kwa kampuni ya nje iliyoiuza, na jibu lake huchukua siku kadhaa za kazi hata pale linapokuwa la kukubali.